Fuwele Zangu Nzuri na Dawa ya Shemeji

Mpendwa Shangazi wa Maabara,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ugomvi wa kazini haujahamia nyumbani moja kwa moja.

Mimi kazi yangu ni kukuza fuwele za protini, yaani naibembeleza protini kwenye tone la maji ya chumvi mpaka ijipange safu kwa safu na kuwa punje zinazong'aa, halafu tunazipiga eksirei tuone umbo lake, na protini yetu hii ina tundu ambamo dawa inatakiwa iingie na kushika, na dawa yenyewe ameitengeneza shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mkemia wa ghorofa ya juu, tena kwa jasho kweli kweli. Basi nachukua fuwele zangu, na Shangazi laiti ungeziona, kingo zimenyooka utadhani zimekatwa na sonara, kila mgeni wa maabara huletwa kuzitazama, hata picha yake nimeitundika sebuleni, nazilowesha kwenye dawa, nazipiga eksirei, natazama, tundu tupu. Nikazilowesha kutwa, tupu. Nikazidisha dawa, zikapasuka, nikalia.

Cha ajabu, dawa hiyohiyo ukiichanganya na protini ikiwa bado majimaji, inashika vizuri tu. Lakini mkuu wetu haamini asichokiona kwenye fuwele, na Ijumaa anasimamisha kazi yote ya dawa hiyo. Kwenye picha ya eksirei, ndani ya tundu kuna kidoa, najua ni maji, ila mwenzangu ananinong'oneza, "Dada, we ichore dawa hapohapo, nani atajua?" Shemeji haji tena kula kwetu, amemwambia kaka yake, "Mkeo ameniulia dawa." Na mume wangu ananiuliza mezani, "Kwani ni lazima iingie?"

Je, niichore, au nikubali kwamba dawa ya shemeji haifai?

Mlowesha Fuwele

*

Mlowesha Fuwele,

Marahaba, na pole. Sasa kaa vizuri, maana pole imeishia hapo.

Kuchora dawa mahali penye maji, usithubutu. Njia ya mwongo ni fupi, na huyo anayekunong'oneza siku ya kuulizwa utamtafuta usimwone.

Tuje kwako. Nimesoma barua yako mara mbili. Fuwele umezisifu kama bibi harusi, lakini hakuna mahali uliposema umeangalia zimejipangaje ndani. Mwanangu, humo protini zimebanana bega kwa bega, na tundu la moja laweza kuwa limezibwa na mgongo wa jirani yake. Hapo hata uloweshe mwaka mzima, dawa itapita wapi? Ukiilazimisha, safu zinasukumana na fuwele inapasuka, kama ulivyoona. Kwenye majimaji kila protini inajitegemea, mlango uko wazi, ndiyo maana dawa inashika. Jibu ulikuwa nalo mkononi, ila uzuri ulikufumba macho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Leo hii fungua kompyuta, usitazame protini moja peke yake kama ulivyozoea, weka na majirani zake wote, uone nani kasimama mlangoni. Ukimkuta, achana na fuwele hizo. Changanya protini na dawa kwanza, zishikane zikiwa majimaji, ndipo ukuze fuwele upya, kwa chumvi ya aina nyingine, ili zijipange kwa namna nyingine. Huenda zikatoka vijisindano vya kutia aibu, hakuna mgeni atakayeletwa kuvitazama. Vipige eksirei hivyohivyo. Picha ya sebuleni iache, ni pambo zuri.

Kabla ya Ijumaa mpelekee mkuu wako picha ya huyo jirani, umwombe muda. Mume wako mjibu kwamba ndiyo, ni lazima iingie, na ampigie mdogo wake simu aje kula.

Ila ghorofa ya juu panda mwenyewe, usitume mtu. Mwambie, "Shemeji, dawa yako haikukataliwa. Haikufika hata mlangoni, na mimi ndiye niliyekuwa naipeleka kwenye nyumba iliyofungwa, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa nzuri."