Dada Kaanguka Bombani

Mama, shikamoo. Ukitoka misa, yarudishe maharage motoni, hayajaiva.

Nimempeleka Dada Eufrazia hospitali. ~~Usiwe na wasiwasi.~~ Njoo. Kaanguka bombani asubuhi, kwa njaa tu. Wiki ya tatu hii anakula mchicha wa kuchemsha, bila mafuta wala karanga, eti chunusi ziishe. Mtu wa miaka thelathini! Miiko ulimpa wewe, lakini mimi ndiye niliyemwita fenesi la Kinole, kwa vipele vyake, mbele ya washenga. Vidonge vya chunusi vya zahanati ulivyovificha kwenye debe la unga nimevichukua. Daktari akisema anywe, atakunywa, na wali wa mafuta atakula.

Nilipomwinua aliuliza, "Shukuru, uso umechubuka?" Nikamfuta tope, nikamwambia uso wake ni mzuri.

Kitindamimba wako