Mkuu Alivyozipangusa Diski

Nachingwea, Alhamisi usiku, 2006

Eti alikuwa anafanya usafi! Kesho tuna wageni wa mkoani, basi Mkuu wetu wa idara akachomoa diski zote tatu za seva na kuzipangusa kwa kitambaa cha maji. Namba nilizoziandika juu yake zikaondoka na vumbi. Kisha akazirudisha ovyo, kama anapanga vikombe kabatini.

Kadi ya RAID, ile inayozigawia diski kazi, inazitambua kwa nafasi zake. Ikaanza kulia, na rejesta ya mashamba ya vijiji vya Mbekenyera na Matambarale ikatoweka. Miaka miwili ya kupima kwa miguu.

Skrini ikauliza kama ifute mpangilio wa zamani.

"Bonyeza ndiyo, fundi! Unaogopa nini?"

Akanyoosha kidole abonyeze mwenyewe. Nikamshika mkono. "Mzee, ukibonyeza hapo hatuna rejesta tena."

"Mimi nimesoma Dar. Wewe haya umesomea wapi?"

"Kwa kuharibu, mzee. Ila nilianza na vya kwangu."

Akatoka akibamiza mlango. Nikabaki nazima, nabadilisha nafasi, nawasha. Kama diski moja ingekuwa imeingia maji, basi tena. Mpangilio wa nne ukakubali. Mashamba yote yamo.

Jioni akachungulia mlangoni, sauti imekuwa ya mgonjwa. "Vipi, ndugu yangu?"

Leo nimekuwa ndugu.

"Bado, mzee. Tuombe Mungu tu."

Najua ni roho mbaya. Nitamwambia kesho, wageni wakishaketi.