Mdomo Mfupi wa Mashine

Karakana ya Gachanja, Kipsongo,
S.L.P. 2946,
Kitale.

16 Februari 2025

Mpendwa Dada Nakhungu,

Habari za Doha? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba maumivu ya mgongo uliyoyalalamikia wakati wa Krismasi yamepungua. Je, bado wanakupanga zamu mbili mfululizo pale wodini? Sisi huku hatujambo. Jua ni kali, na watu wameanza kulima wakingoja mvua ya Machi. Baba amemaliza dawa zake za kifua na amerudi kwenye kwaya, ingawa sauti haijarudi pamoja naye.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimejaribu kukuandikia kwa simu mara tatu, na mara zote nikafuta. Vivian, jirani yetu, anarudi huko Jumanne, nikaona nimpe bahasha. Nikishamkabidhi, siwezi kufuta tena.

Ni habari za vidole vya mama yako.

Unaikumbuka ile mashine ya kupukuchua mahindi niliyoiunda nikiwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mitambo. Wewe uliambiwa kwamba mama yako, shangazi yangu Senge, aliingiza mkono kwa uzembe, akipiga domo na wanawake wenzake huku injini ikinguruma. Aliyekuambia hivyo kwa simu, tukiwa bado hospitalini, ni mimi. Si kweli, dada.

Mashine hiyo tuliichomelea hapa Kipsongo, mimi na mzee Gachanja, fundi wa vyuma. Siku ya kuunga ule mdomo wa kutilia mahindi, aliuingiza mkono wake mwenyewe mpaka vidole vikagusa meno ya ndani. Akaniambia, "Kijana, huu mdomo ni mfupi. Mtu akisukuma hindi lililokwama, mkono utafika." Nikamjibu kwamba hesabu nilishazipiga na mhadhiri amezipitisha. Hesabu zenyewe zilikuwa za kasi na nguvu. Mkono wa mtu haukuwa mahali popote kwenye karatasi zangu. Kuurefusha mdomo kungechukua siku mbili, na mimi nilitaka picha za mashine ikifanya kazi kabla ya Ijumaa.

Nikaipeleka Bokoli kwa Senge kwa sababu nilijua hawezi kunikatalia. Mahindi yake yalikuwa bado na unyevu, yakakwama. Mimi nilikuwa nimesimama kando na simu, napiga picha. Nikamwambia, "Senge, si usukume tu kidogo." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu. Akasukuma kwa mkono wa kulia. Meno yakavifikia vidole. Aliutoa mkono, akautazama, kisha akanitazama mimi kama mtu anayengoja kuelezwa kitu.

Zile picha nilikuwa nazo. Nilichagua za kabla ya hapo, nikazipeleka chuoni, nikapata alama za juu kuliko wenzangu wote. Kwenye mahafali Senge alikuja na leso mpya, mkono wa kulia ameuficha ndani yake. Jina langu lilipotajwa, alipiga makofi kwa kugonga paja kwa mkono wa kushoto. Nilimwona kutoka mbele, nikageuza uso.

Watu wananiuliza kwa nini sikwenda kiwandani kama nilivyokuwa nikisema tangu utotoni. Nilishindwa. Nilikwenda Eldoret miezi tisa kusomea usanifu wa bidhaa. Mwalimu wetu, Bi Jepkemboi, siku ya kwanza alitunyang'anya rula, akasema, "Nendeni mkakae na watu wiki nzima. Msichore kitu. Tazameni mikono yao." Mimi nilikwenda Sirisia, nikakaa na akina mama wanaopukuchua mahindi. Mmoja alikuwa anasukuma kwa gunzi, mwingine kwa kiganja, mwingine kitoto kikiwa mgongoni. Siku ya tatu nilitoka nje nikajifanya napokea simu, kumbe nalia.

Mdomo mpya niliutengeneza kwanza kwa katoni, nikawapa wao waujaribu. Wakaukataa mara nne. Sasa ni mrefu na umepinda kama kiwiko, mkono haufiki ndani, na kuna chuma cha kuzima injini ambacho mtu anakisukuma kwa goti. Karakana moja ya zana za kilimo hapa Kitale imeniajiri, na mashine kumi na nne ziko mashambani. Mpaka leo hakuna aliyeumia. Lakini siku ya usaili waliniuliza ni nini kilinitoa kwenye mitambo kikanileta kwenye usanifu. Nikasema niliona shida ya wakulima. Wakafurahi sana na jibu hilo. Nimelala na jibu hilo tangu Oktoba.

Mwezi uliopita nikaenda Bokoli. Nilimkuta Senge akikamua, nikachuchumaa karibu na ndoo, nikamwambia yote, pamoja na maneno ya Gachanja. Nilidhani atalia au atanifukuza. Aliendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa nusu.

"Vidole nilishazoea," akasema. "Hata ng'ombe amezoea. Lakini Nakhungu alinigombeza kwa simu, ati mimi ni mzee nisiyesikia. Nilijua sikuwa naongea na mtu, lakini nyote mlisema hivyo, nikaanza kudhani labda ni kweli. Miaka miwili sasa najiuliza kama akili yangu iko sawa."

Nikamwambia nitakupigia simu. Akasema, "Simu hapana. Ukiona anakasirika utaanza kuzunguka. Mwandikie." Kisha akabeba maziwa akaingia ndani. Hakunikaribisha chai, na ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Gachanja nimemwomba radhi. Kazini pia nimewaeleza, nao bado hawajaamua la kufanya nami. Lolote watakaloamua, mdomo ule mrefu ubaki.

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi unijibu. Nakuomba jambo moja tu. Kabla ya kunipigia mimi unitukane, mpigie mama yako. Mwambie akili yake iko sawa. Siku ile hakuwa akiongea na mtu. Alikuwa akinisikiliza mimi.

Baba na Mama wanakusalimu. Mdogo wangu Nasimiyu anasema vile viatu vimemtosha. Nisalimie pia Wakonyo, mwenzako wa chumbani. Mungu akutangulie kila unapoingia zamu, na akurudishe nyumbani ukiwa na afya, umkute mama yako akikungoja mlangoni.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Derrick Walubengo