Mizizi Miwili Ndani ya Bahasha

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la mbegu.
Jumapili, 14 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Kamanda,

Shikamoo yako nimeipokea, hata kama hukuituma. Hujambo huko kwenye barabara mnayoijenga isiyokwisha? Kifua kimeacha kukusumbua na lile vumbi? Unakula chakula cha maana au bado unashindia chai na mkate? Mama anasema uvae kofia juani. Nimekufikishia kama alivyonituma.

Sisi huku tu wazima, ila moyo wangu haujatulia hata kidogo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu, kila ninapofika penye neno lenyewe, mtandao wako unakatika. Barua haikatiki. Dereva wa lori la kokoto anaondoka kesho asubuhi, na ameniahidi kukukabidhi mkononi.

Nianze na shamba. Unakumbuka ile chanjo ya mbegu tunayouza dukani, unga mweusi kama masizi? Ni vijidudu hai. Tunalowesha soya kwa maji ya sukari kidogo, tunauchanganya unga huo nayo kwenye beseni kivulini, kisha tunapanda siku hiyohiyo. Vijidudu vinaingia kwenye mizizi, vinajenga vinundu, na humo vinaigeuza hewa kuwa chakula cha mmea. Hata udongo unabaki na nguvu kwa mahindi ya msimu ujao. Wifi aliyafanya yote hayo vizuri kunishinda mimi ninayelipwa kuyaeleza.

Tulikuwa tumeshapanda kipande cha karibu na kisima pale ulipopiga simu kuamuru kwamba mbegu isiende ardhini uchi, ipakwe ile dawa nyekundu ya ukungu. Nilimwambia Wifi kuwa dawa ile haichagui, inaua kibaya na kizuri. Akanijibu kwamba mwenye nyumba ameshasema. Basi mbegu zilizobaki zikapakwa rangi, zikapendeza kweli, zikapandwa.

Sasa soya ya kisimani ni kijani kibichi. Ile nyingine yote imekuwa ya njano, imedumaa, imesimama tu kama watu waliokosa basi. Nimeng'oa shina moja huku na jingine kule, nikakata mizizi na kukuwekea humu. Mwenye macho haambiwi tazama. Vinundu vikiwa vimedondoka njiani, viangalie chini ya bahasha.

Sikuandikii kwa ajili ya soya, mdogo wangu.

Mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, ana surua. Alianza kwa mafua na macho mekundu, tukadhani ni vumbi la vitambaa. Kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima, na sasa amelazwa, anapumua kwa shida. Cherehani imenyamaza, na sikujua kama ningeweza kuitamani kelele yake. Juzijuzi tu mtoto huyo alikuwa kibarazani kwetu, anamlisha mwanao Bonge biskuti iliyolowa mate.

Na Bonge hajachanjwa surua. Alipotimiza miezi tisa uliagiza asiguswe mpaka urudi. Najua hofu yako ilikotoka. Ulikuwepo alipochomwa zile za mwanzo, ukaliona paja lilivyovimba, ukambeba na homa yake huku unalia wewe kuliko yeye. Sikucheki kwa hilo. Lakini nimekwenda kwa nesi nikamuuliza, akasema homa ile ni ya kawaida kwa watoto wengi, ni mwili unajifunza kumjua adui, na ipo njia ya kuituliza. Nikamweleza kuwa baba mtu yuko mbali. Akaacha alichokuwa akikifanya, akanitazama.

"Surua haisubiri baba arudi," alisema.

Tangu hapo silali vizuri. Bonge akipiga chafya naacha kazi. Mama amegeuka askari wa geti, amekaa mlangoni na ufagio, anafukuza watoto wote wa mtaa wanaokuja kucheza, hata wale aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Ninamgusa Bonge paji la uso mara nyingi mpaka ameanza kunikimbia, maana sasa anatembea, Kamanda, anatembea kama mlevi na anajisifu kwa kupiga makofi.

Wifi ninamhurumia. Kadi ya kliniki iko juu ya meza na kila saa anaifuta vumbi. Anataka kwenda, ila hataki uje useme alikuvunjia neno ukiwa mbali. Ningeweza kumbeba mtoto mwenyewe na kwenda, unanijua. Lakini sitaki kuokoa mtoto kwa kubomoa nyumba yake. Nataka vyote vibaki.

Kutoka mbali uliamuru kwa mapenzi, kwa sababu uliogopa ukungu, na vijidudu vya kutusaidia vikafa. Soya tutapanda tena mvua zikirudi.

Kliniki wanachanja Alhamisi. Barua hii itakuwa kwako Jumanne.

Mama anakusalimu kutoka mlangoni. Shemeji yako, mume wangu, anakusalimu na anasema angekuwa wewe angeshapiga simu. Fundi nimempa pole kwa niaba yako. Mungu akulinde na mawe na mitambo yenu, akurudishe ukiwa mzima kwa watu wazima.

Wifi hakuandika chochote. Simu ameifunga kiunoni, anakwenda nayo mpaka bafuni. Anasubiri neno moja tu: mpeleke.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikatia simu,

Mama Mbegu