Gari Lisilo na Gia

Kibiti, 5 Mei 1960

Kaka Kibwana,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ufuta umestawi, na mbuzi wa mwanangu Mwanaheri kazaa mapacha.

Umeuliza habari za gari lako. Lipo uani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Uliposema halina gia hatukuamini, lakini kweli, barabara ya Ikwiriri lilikwenda kama maji, halishtuki wala halikwami. Mume wangu Mtoro alilisifu kuliko hata wewe.

Siku ya kumpeleka mama hospitali tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, tukaanza kupanda ukingo. Injini ikanguruma, gari likasimama. Mtoro akazidi kukanyaga mafuta, kelele zikazidi, magurudumu hayazunguki. Watu wakasukuma. Mama akanishika mkono, akauliza, "Mbona hatuendi?" Hakuuliza tena.

Sasa umewaandikia watu kwamba Mtoro hajui kuendesha, nao hawamsalimii. Fundi amelifungua. Mikanda ya mpira inayozungusha magurudumu imelowa mafuta ya ufuta, inateleza tu. Nani aliyeipaka, kaka? Siku ya Idi mikanda ilikuwa inalia, ukaomba chupa jikoni kwangu, ukaipaka kama mnyororo wa baiskeli, ukacheka: "Mnaona? Imenyamaza."

Mtoro alikuwepo, na hajamwambia mtu. Mimi nitasema, usipokuja kusema mwenyewe.

Arobaini ya mama ni Ijumaa ya wiki ijayo. Njoo kwa basi.

Dada yako,
Mashavu