Sauti ya Kufungia Kipindi

Kiwanjani, Isiolo
Juni 2023

Kaka yangu mpendwa Erot,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mimi naendelea vizuri, ila kifua kinanisumbua kwa sababu ya vumbi, maana mvua ilinyesha kidogo tu ikaacha upepo. Mama anakula vizuri kuliko mwezi uliopita, na asubuhi anatoka nje kuota jua. Na wewe je? Ule mguu uliosema unavimba ukisimama getini muda mrefu, umepungua? Tunasikia joto la huko Doha limefika lile la kuwatoa watu damu puani. Ukipata nafasi ya kukaa kivulini, kaa, hata kama msimamizi ananuna.

Barua hii anakuletea Antony, mwenzenu wa huko Doha, ambaye likizo yake imeisha. Nimemwomba asikupe ukiwa kazini. Akupe ukiwa umerudi chumbani, umekula, na wenzako wapo.

Uliniambia kwamba wewe na wale walinzi mnaolala chumba kimoja mnataka kuanzisha podikasti yenu, kuhusu maisha ya watu wanaofanya kazi ugenini, na ukaniuliza mimi na Kui tulifanyaje mpaka mwanzo na mwisho wa kipindi chetu vikawashika watu. Swali lako nimekaa nalo muda mrefu bila kulijibu. Leo nitalijibu lote.

Mwanzoni hatukujua kitu. Unakumbuka Kui, binti ya Kimotho mwenye duka la jumla. Baba yake alitupa stoo ya nyuma, tukatundika mablanketi ukutani ili sauti isigonge, tukakaa katikati ya magunia ya sukari tukijiona watu wa redio. Kui aliandika utangulizi mrefu. Kinanda kilipigwa kwanza, kisha tukataja majina yetu, vyuo tulivyosoma, shukrani kwa kila aliyetusaidia, halafu tukakaribisha watu mpaka wakachoka kukaribishwa. Dima, yule kijana wa Kiborana anayetengeneza simu kwenye kibaraza cha duka, alisikiliza huku akifungua skrubu, na alipomaliza akatuambia, "Dada zangu, mmepiga hodi mpaka mwenye nyumba amelala." Alisema yeye huwa anasogeza mbele mpaka asikie mtu mwenye jambo la kusema, na kama halipo karibu, anafunga.

Kui alikasirika siku nzima, lakini Dima alikuwa amesema kweli. Tulikata. Tulibakisha jina la kipindi, mahali tulipo, na sentensi moja ya kumwambia msikilizaji leo atasikia nini.

Mwisho ndio uliokuwa mbaya zaidi. Tuliwahi kumhoji mama mmoja ambaye mbuzi wake wote walikufa kwenye ule ukame mrefu. Alimaliza kusimulia akiwa analia, na hapo hapo tukaingiza muziki wa furaha na sauti ya Kui akiwaomba watu wafuatilie na kusambaza. Binti yake alitupigia simu. Hakutukana. Alisema tu, "Mama yangu alikuwa bado analia, nyinyi mkaanza kucheza." Tangu siku hiyo tulitoa muziki wote.

Ndipo tukaenda Gotu kumrekodi Baba. Hiyo sehemu ulishaisikia, lakini hujui ilivyokuwa. Alikitazama kipaza sauti chetu chenye manyoya akauliza ni mnyama gani huyo na kama anauma. Kisha alikaa kwenye kigoda chake, akasafisha koo, na bila kuambiwa aanze vipi akasema, "Mimi ni Aule. Niko Gotu, mahali maji yamekuwa machache. Kaa chini nikuambie." Tulipomaliza, alituona tukifunga mizigo kwenye pikipiki na jua limeanza kushuka, akasogea akasema, "Haya, nendeni. Na mkifika, semeni mmefika. Msituache tukiwaza." Kui alikuwa amesahau kuzima mashine.

Kesho yake tulisikiliza pale stoo, na kengele za mbuzi zikiwa nyuma ya sauti yake, na hatukuhitaji kujadiliana. Maneno yale ya kwanza yakawa mwanzo wa kila kipindi na yale ya mwisho yakawa mwisho wake. Watu wakaanza kutuandikia kila Ijumaa baada ya kusikiliza. Waliandika neno moja tu, "nimefika", kutoka Merti, Garba Tulla, Biliqo, mpaka dereva mmoja wa lori kwenye barabara ya Moyale. Na wewe uliliandika kutoka Doha. Nililisoma lako kwa Baba kwenye simu, akacheka, akasema wewe ndiwe uliye mbali kuliko wote.

Basi wewe na wenzako msitafute maneno mazuri. Tafuteni mtu mmoja anayemaanisha anachosema, mwacheni aseme, kisha nyamazeni. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu kazi hii. Lingine nimelijifunza mwaka huu, na ndilo lililonifanya nishindwe kukujibu kwa simu. Sauti ukishaiweka mwanzo na mwisho wa kipindi, inaendelea kusema hata mwenyewe akiwa hayupo.

Erot, Baba hayupo. Alifariki mwezi wa tatu.

Ngamia jike mmoja alikuwa amevuka mto, na Baba alienda kumtafuta mapema, peke yake, kwa sababu wachungaji walikuwa mbali wakichunga mifugo mingine. Watu tusiowajua walimkuta huko. Walimpiga risasi. Walimchukua ngamia, na mbuzi waliobaki bomani walichukuliwa siku hiyo hiyo. Daktari alituambia hakukaa muda mrefu na maumivu, na mimi nimeamua kumwamini. Tulimzika pale pale Gotu. Mchungaji wa kanisa alikuja kutoka mjini akaomba, na watu walikuwa wengi. Kimotho alifunga duka akaja na Kui. Dima naye alikuja, akasimama nyuma kabisa, kwa sababu siku ile kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake kwa kabila lake.

Najua sasa unajiuliza tulithubutu vipi kukuficha. Ni Mama. Alikumbuka ulivyosema tulipomzika binamu yetu Lokorio aliyeuawa, ukiwa umeshika udongo mkononi, kwamba mara nyingine ikitokea hutalia, utanunua bunduki. Mama alisema anazika mume, hatazika na mtoto. Alituapisha sote. Ndiyo maana kila ulipopiga tulikuambia Baba yuko mbali na ngamia, hakuna mtandao. Simu ikikatika Mama alikuwa anaenda kulala mchana na hafungui mlango.

Kui alitaka tuitoe sauti ya Baba kwenye kipindi. Alisema haiwezekani kumsikia marehemu akiwaambia watu wakae chini. Mama alikataa. Alisema sauti ikitoka wewe utakuwa wa kwanza kuuliza. Kwa hiyo tuliiacha. Kila wiki nilikaa pale stoo nikaibandika mwanzo, nikaibandika mwisho, na kila wiki ulituandikia kwamba umefika. Watu wa hapa walijua amekufa. Wengine waliniambia wanafarijika kumsikia. Nilidhani ubaya wote umeishia hapo.

Haukuishia. Kuna mtu aliyekata yale maneno ya mwisho, akayaunganisha na maneno mengine ya kuwaita vijana watoke wakalipe kisasi, akayatuma kwenye makundi ya WhatsApp. Ukisikiliza hujui sauti imeungwa wapi. Ni Baba yetu anasema haya, nendeni, na mkifika semeni mmefika, na anayesikiliza anajua anatumwa wapi. Vijana walienda. Nisikufiche, baadhi yao ni wa kwetu. Walivamia boma moja ng'ambo ya mto, wakaua, wakachukua ng'ombe.

Wiki mbili baadaye mwanamke alikuja stoo. Aliingia akatoa salaam, akasema anaitwa Amino. Kui alimpa kiti, yeye akakaa kwenye gunia. Alikuwa mtulivu mpaka nikaogopa. Alisema yeye na mumewe walikuwa wanasikiliza kipindi chetu kila Ijumaa wakinywa chai, na mumewe ndiye aliyekuwa akituandikia lile neno kwa simu yake. Kisha akasema kwamba mumewe ameuawa kwenye uvamizi ule, na wale vijana walipokuwa wakiondoka na ng'ombe, mmoja alikuwa anaicheza ile sauti ya Baba kwenye simu, kwa nguvu, na wengine wanacheka.

Alisema, "Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza kama mzee ndiye aliyesema hivyo."

Nilimwambia hapana. Nilimchezea rekodi yote ya Gotu, tangu alipouliza kuhusu manyoya ya kipaza sauti mpaka pikipiki ikiwaka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akauliza mzee yuko wapi, ili amsikie kwa mdomo wake. Nikamwambia alikufa kwanza, kabla ya mumewe, na jinsi alivyokufa. Alisimama akajifunga ushungi vizuri.

"Basi mwacheni," akasema. "Mmemfanyisha kazi sana."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama kila kitu. Hakutaka kusikia kile kipande. Aliniuliza tu kama Amino ana watoto, nikasema anao, akaniambia, "Itoe. Na umwandikie ndugu yako."

Kwa hiyo kipindi kijacho hutamsikia. Nitaanza kwa sauti yangu mwenyewe, nitaeleza Aule alikuwa nani, alisema nini kwa kweli na alimwambia nani, na kwamba amekufa. Tutaicheza rekodi yake mara moja, nzima, bila kukatwa, ili wale waliopokea kile kipande wasikie chenyewe kilitoka wapi. Baada ya hapo hatutaitumia tena. Kui ameogopa, kwa sababu tumepata ujumbe wa vitisho kutoka pande zote mbili, na baba yake ametuomba tuhamishe vitu vyetu kutoka stoo. Simlaumu. Dima ametupa kona ya chumba chake. Sijui kama kuna atakayetusikiliza, na sijui kama vijana wanaosikia kipande cha sekunde chache watakuwa na subira ya kusikia mazungumzo mazima. Lakini nimeona ni lazima wewe ujue kabla yao.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika, una haki. Ninachokuomba ni kingine. Mkataba wako haujaisha na pasipoti yako iko kwa mwajiri, najua, lakini najua pia mtu akitaka kuja anakuja. Ukija, njoo kwa ajili ya Mama. Usije na lile ulilolisema tukimzika Lokorio.

Na ukimpigia simu, usimuulize ni nani waliofanya. Kuna mtu alimjia siku chache baada ya mazishi akamtajia jina la mmoja wao. Nililijua hilo juzi tu. Nilimwuliza jina ni lipi, kwa hasira ambayo hata mimi ilinishangaza, nikamshika mkono mpaka akasema namuumiza. Hakunitajia. Alisema analijua, analikumbuka kila akiamka, kwamba huyo kijana ana mama yake na wamewahi kukutana sokoni, na kwamba jina hilo atakufa nalo.

Mama anakusalimu sana. Ameniagiza nikuambie kwamba ule mguu uukande kwa maji ya chumvi, na usilale na njaa kwa sababu ya habari hizi. Kui na wazazi wake wanakupa pole, Dima pia. Wasalimie wenzako wa chumbani, na uwashukuru kwa niaba yetu, maana usiku huu wao ndio watakaokuwa karibu nawe.

Mungu akutie nguvu.

Ni mimi dada yako mdogo,
Lorna Aule