Kofia Tuliyoizika Rukwa

Kambi ya samaki, Ziwa Rukwa,
kupitia Mbeya

Mke wangu Mama Edina,

Kamwene! Kwa heshima zote zinazostahili, nakutangazia msiba: ile kofia yangu ya pama, uliyosema inanifanya nifanane na uyoga, haiko nasi tena. Imezikwa. Kambi nzima ilisimamisha kazi, katekista akaomba, wanaume wakavua kofia zao kumuaga kofia mwenzao. Cheka kidogo, halafu endelea kusoma polepole.

Hamjambo hapo nyumbani? Kikohozi cha Edina kimemwachia? Mimi mwili ni mzima, ila joto la huku limeniyeyusha kitambi ulichokilisha kwa miaka mingi. Nikirudi utadhani umeletewa mpini wa jembe.

Uliniuliza kama ni kweli tunamwaga samaki, au ni uongo wa Gama. Ni kweli. Mtani wangu huyo Mngoni, jirani anayekuita mke mdogo na kukulia kuku wako bila kunawa, safari hiyo hakudanganya.

Tunavua kwa kokoro, wavu mrefu unaozungushwa majini kisha tunauvuta ufukweni kwa kamba, tumesimama ndani ya maji mpaka kiunoni. Macho yake ni madogo, kwa hiyo haubagui. Unaleta magege wakubwa, watoto wao wa jana, na kambale wenye masharubu kama baba yako, nisamehe. Tajiri anataka magege wakubwa tu, ndio wanaonunuliwa kwenye migodi ya Rodeshia. Wengine wote wanarudishwa ziwani, nao wamekwisha kufa. Wanaelea matumbo juu, weupe, mpaka maji yanaonekana kama yameanikwa nguo.

Gama alimfuata nyapara. "Bwana mkubwa, tununulieni wavu wa macho makubwa, watoto wapite. Na hao kambale tuwabanike juu ya moshi."

"Lori ni moja, chumvi ni haba," nyapara akasema. "Nikipakia kambale, gege akae wapi? Mapajani mwako?"

"Basi wapewe wale kinamama."

Kinamama ni Wawungu, wenyeji wa huku. Mvua iliwakimbia mwaka huu. Kila siku walikuja na vikapu, wakakaa mbali kidogo wakitutazama tukimwaga.

"Akila bure leo," nyapara akasema, "kesho nitamuuzia nani?" Akawafukuza kwa fimbo.

Mimi nikainama kukunja kamba. Gama akanigeukia: "Wewe Mhehe, mnajisifu vita, kumbe mnaogopa fimbo ya mtu mmoja!" Nikamjibu kwamba babu zetu walimaliza ushujaa wote, sisi wakatuachia njaa tu. Tukacheka.

Lakini mamba hawakucheka. Walikwisha kuijua saa ya chakula kuliko sisi. Kokoro likifika tu, unaona macho yao yamepangana juu ya maji. Ndipo Gama akaanzisha utaratibu wake: mabaki yote tunapakia mtumbwini, tunakwenda kuyamwaga mbali kwenye matete, ili pale tunaposimama pasinuke damu. Kazi ilikuwa ndefu, watu wakanung'unika, ila miguu yetu ilibaki yetu.

Sasa ukweli wenyewe, Mama Edina. Nimeanza na kofia kwa sababu mkono ulikataa kuanza na jina lake.

Siku ile lori lilikuwa linasubiri. Nyapara akapiga kelele, "Tupeni hapo hapo, vuteni tena!" Tukatupa hapo hapo. Asubuhi hiyo Gama alikuwa ameninyang'anya kofia, haki ya mtani: "Lete, kofia inataka mtu mwenye sura." Kokoro likanasa kwenye kisiki. Mimi naogelea kama jiwe, unajua, basi akaingia yeye. Maji yalimfika kifuani. Hakupiga hata kelele. Maji yalijikunja mara moja, kamba ikatikisika, nasi tukaivuta tukidhani ni yeye ameinasua.

Tulimtafuta kwa mitumbwi mpaka kesho yake. Kilichorudi ufukweni ni kofia.

Ndiyo tuliyoizika. Hatukuwa na kingine. Watu wote wakanitazama, maana mtani ndiye wa kuchekesha matangani. Nikasema, "Mwizi wewe, nirudishie kofia yangu," nikatupia udongo wa kwanza.

Siku hizi kinamama wanajaza vikapu na nyapara anatazama pembeni. Ilibidi mtu aliwe ndipo samaki waliwe. Wavu ni ule ule, macho ni yale yale. Mimi nakuja na lori lijalo, nirudie msumeno wangu wa kupasulia mbao.

Nisalimie mama mzazi, na dada yangu mkubwa, na fundi cherehani shemeji yangu. Mke wake Gama usimpelekee salamu. Nenda kwake asubuhi, kabla hajatoka kwenda kuchuma chai, ukae naye kwanza, umshike mikono. Mwambie mumewe alikuwa anataka watu wapate kula na wenzake wasife. Na akiomba asomewe barua, usianzie juu.

Mimi mumeo,
Baba Edina